Mkaguzi na Mkaguliwa Wake

Siku Quek Shu Wen alipoikataa modeli ya Elango kwa mara ya pili, chumba cha mikutano kilifurika kama ukumbi wa harusi. Watu wasio na shughuli yoyote pale walijipenyeza na vikombe vyao vya kahawa, wakajibana ukutani. Benki nzima ilijua kwamba wawili hao wakikutana, paka na panya wana nafuu.

Shu Wen alikuwa mkaguzi katika idara ya vihatarishi, ghorofa ya kumi na moja, kwa watu wanaolipwa mshahara ili wawaze mabaya kabla hayajafika. Elango alikuwa ghorofa ya ishirini, dawati la fedha za kigeni, na kazi yake ilikuwa kutunga modeli: hesabu zinazokaa ndani ya kompyuta na kuiambia benki inunue nini, kiasi gani, lini. Hakuna modeli iliyoruhusiwa kugusa fedha za watu mpaka mkaguzi aipekue na kuipitisha.

Hii ya sasa ilihusu dola. Waagizaji wa mizigo walikuwa wakinunua kutoka kwa benki haki ya kupata dola kwa bei iliyokubaliwa leo, hata kama miezi mitatu baadaye dola itakuwa imepaa. Ikipaa, anayeumia ni benki. Kwa hiyo benki nayo ilibidi ijikinge kwa kununua dola kidogo kidogo mapema. Ikinunua nyingi mno inapata hasara, ikinunua chache mno inaumbuka. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kanuni ambayo mtu angeweza kuiandika ubaoni na kuifuata mstari kwa mstari. Programu ya Elango haikuwa na kanuni. Ilikuwa imelishwa bei za miaka mingi, ikaachwa ijifunze yenyewe lini inunue na lini itulie. Na ilijua, wallahi. Shida ni kwamba ukiiuliza kwa nini imefanya ilivyofanya, inakutazama tu.

"Nimeitungia msukosuko," Shu Wen alisema, amesimama mbele ya ubao. "Dola inapanda asubuhi, inaporomoka mchana, inapanda tena kabla ya kufunga. Ikanunua, ikauza, ikanunua, ikauza. Ilihangaika kama mtu aliyeingiwa na siafu ndani ya suruali."

Chumba kiliangua kicheko. Elango hakucheka.

"Soko la namna hiyo umeliona wapi, Mheshimiwa Hakimu? Hata siku ya kiama dola haitacheza hivyo."

"Sisi huku chini tunalipwa kuingojea siku ya kiama."

"Basi ingojeeni. Sisi kule juu tuna wateja."

"Hao hao wateja ndio watakaokuja kutulilia. Nimeikataa. Irudi na maelezo yanayoeleweka."

Elango alikusanya karatasi zake, akatoka bila kumtupia jicho. Jun Kiat, mwenzake Shu Wen wa idara ya vihatarishi, alimsogelea sikioni. "Dada, huyu kaka wa watu amekukosea nini? Mbona unamchinja kwa kisu butu?"

"Kazi ni kazi," Shu Wen akajibu, akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Jioni hiyo hiyo, katika soko la vyakula la Beach Road, Mheshimiwa Hakimu na mshitakiwa walikaa meza moja, kati yao sinia la mifupa ya mbuzi iliyoelea kwenye mchuzi mwekundu. Vidole vyao vilikuwa vyekundu mpaka viungoni.

"Siafu ndani ya suruali," Elango alisema, akigongagonga mfupa kwenye sahani ili uboho utoke. "Ulilitunga lini hilo?"

"Jana, nikioga."

"Watu wamenicheka mpaka ndani ya lifti!"

"Ungeirekebisha programu yako, ningekosa la kusema."

Elango akamrushia tishu, na wote wawili wakacheka.

Mambo yalikuwa yameanza mwaka uliopita, modeli ilipoletwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ikibashiri vizuri mno, vizuri kupita kiasi, na Shu Wen alipopekua aligundua kwamba bei za jioni zilikuwa zimeteleza zikaingia kwenye safu za asubuhi. Programu haikuwa ikibashiri kitu. Ilikuwa mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani na majibu mfukoni. Akaikataa. Elango akashuka ghorofa ya kumi na moja akiwa amefura, wakabishana. Wakabishana kwenye ngazi, wakabishana barabarani, wakabishana wakiagiza chakula. Katikati ya kula Elango akakubali kwamba kosa lilikuwa lake, na ubishi ukaisha. Ila hakuna aliyenyanyuka kwenda nyumbani.

Sheria ya benki ilikuwa wazi: mkaguzi asiwe na uhusiano na mtu anayemkagua, na kama upo, autangaze. Shu Wen aliijua kwa kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni wa idara. Lakini mwanzoni alijiambia kwamba kula mifupa pamoja si uhusiano. Baadaye akajiambia kwamba kwenda sinema si uhusiano. Kisha jioni moja Elango alifuta vidole vyake kimoja kimoja, akakohoa, akasema, "Unaonaje tukaombe nyumba ya serikali?"

Katika mji ule kijana hana haja ya kupiga magoti. Nyumba zile huombwa na wawili wanaokusudia kuoana, na foleni yake ni ndefu kuliko uchumba wenyewe; akikuuliza hivyo, amekwisha kukuposa. Mchuzi ulimpalia Shu Wen mpaka machozi yakamtoka.

"Ghorofa ya ngapi?" akauliza sauti iliporudi. Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Tangu siku hiyo alikuwa na mizigo miwili kifuani, mmoja wa raha na mmoja wa dhamiri. Wa dhamiri aliupunguza kwa njia moja tu aliyoiona: kadiri moyo ulivyozidi kulegea, ndivyo kalamu ilivyozidi kuwa kali. Alijisemea, nani atasema ninampendelea, wakati hakuna mtu ninayembana kama yeye?

Aliyemgeuza msimamo alikuwa mama yake Elango.

Jumapili moja Elango alimpeleka kwao, mtaa wa Yishun. Amma, kama Elango alivyomwita mama yake, alikuwa mjane, mwuguzi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alimkalisha Shu Wen karibu na feni, akamjazia wali na dengu na biringanya, kisha akaketi kumtazama akila, jambo ambalo lilimfanya Shu Wen asahau jinsi ya kutafuna.

"Haya, mwanangu, hebu niambieni. Mlikutanaje?"

"Aliikataa kazi yangu, Amma," Elango akasema. "Mara mbili."

Amma akapiga makofi. "Ashukuriwe Mungu! Tangu akiwa mdogo namwambia, we Elango unaruka mistari. Jibu analipata, njia haonyeshi. Hanisikii! Kula, binti, kula. Umefanya kazi iliyonishinda." Akamwongezea dengu. "Na wenzenu kazini wanasemaje? Wamefurahi?"

Feni ilizunguka. Elango alijishughulisha na biringanya.

"Hawajui, Amma," Shu Wen akasema.

"Hawajui nini?"

"Kwamba... mimi na Elango."

Amma akaweka kijiko chini. "Mwanangu ana kasoro gani mpaka afukiwe kama embe bichi kwenye pipa la mchele?"

"Hana kasoro, Amma! Ni sheria tu. Mkaguzi haruhusiwi kuwa na uhusiano na..."

"Kumbe ni sheria. Na mlinzi wa sheria hiyo ni nani?"

Shu Wen akayaangalia masalia ya dengu kwenye sahani yake.

"Amma, acha basi," Elango akajaribu.

"Wewe nyamaza. Zamu yako ni mgeni akishaondoka."

Jumatatu Shu Wen aligonga mlango wa mkuu wa idara. Bi Noraishah alikuwa mwanamke wa makamo, mvaaji wa magauni mapana ya baju kurung yenye maua makubwa na viatu vya kukimbilia, aliyefundisha hesabu chuo kikuu kabla benki haijamnyakua. Mezani pake kulikuwa daima na kopo la biskuti za karanga, na hakuna aliyeingia akatoka bila kupewa moja.

"Bi Noraishah, nina jambo la kutangaza."

"Umepata kazi kwingine? Usiniambie. Kaa, kula kwanza."

"Hapana. Mimi na Elango tunaoana."

"Elango yupi?"

"Wa ghorofa ya ishirini."

Bi Noraishah akavua miwani. "Huyu wa siafu?"

"Huyo huyo."

Mkuu wa idara alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alicheka hadi katibu wake akachungulia mlangoni kuona kama kuna usalama. Kisha akamwashiria katibu afunge mlango, na mlango ulipofungwa kicheko nacho kikakoma.

"Tangu lini?"

"Hapo ndipo pagumu, kwa sababu mwanzoni haikuwa..."

"Sikuulizi habari za moyo, Shu Wen. Nakuuliza habari za kalenda."

Shu Wen akamwambia. Bi Noraishah alifungua ripoti ya pili kwenye kompyuta yake, akaangalia siku iliyoandikwa, akaifunga.

"Kwa hiyo hii uliiandika ukiwa mchumba wa mtu."

"Lakini nilimkatalia!"

"Ndiyo. Ungemkubalia, sasa hivi ungekuwa unapanga vitu vyako kwenye boksi." Akasukuma kopo la biskuti kando. "Kukataa nako ni kuegemea upande, mama. Mizani inaweza kulala kulia, inaweza kulala kushoto. Mimi nitajuaje ni ipi hapa? Nikiulizwa na wakubwa, nitawajibu nini?"

Shu Wen alipoingia mle alidhani ukali wake ungekuwa wakili wake. Sasa wakili mwenyewe ndiye aliyekuwa kizimbani.

Hukumu ilikuwa nyepesi kuliko alivyoogopa, ingawa haikumchekesha. Alipewa barua ya onyo. Alihamishiwa kwenye modeli za mikopo ya nyumba, mbali na ghorofa ya ishirini. Ukaguzi wa ile modeli ungeanza upya, na yeye na Elango wasizungumze kamwe habari za kazi wakiwa peke yao.

"Na atakayeikagua ni nani?" akauliza.

Bi Noraishah akakunja mikono ya baju kurung yake. "Mimi. Miaka mingapi nimekaa hapa nikisaini kazi za wenzangu kama mpiga mihuri? Nipe hayo mafaili."

Habari zilifika ghorofa ya ishirini kabla ya lifti. Jun Kiat alikuja mezani kwa Shu Wen na uso wa mtu aliyefiwa.

"Dada, umenitia hasara. Nimeweka dau la chakula cha mchana na watu kwamba mwaka huu hauishi hamjarushiana ngumi."

"Pole."

"Pole haishibishi! Na ile siku ya siafu, mlikwenda kula pamoja?"

"Mifupa."

"Mifupa!" Jun Kiat akajishika kichwa. "Nasi huku tunamwonea huruma, tunamnunulia kahawa!"

Jioni ya kwanza chini ya marufuku, wachumba walikaa mezani pao wakatazamana. Walizungumzia mvua. Mvua ikaisha.

"Kumbe bila modeli hatuna la kusema?" Elango akauliza, nusu kwa utani.

Walikuwa nalo, ila ilibidi walitafute. Siku zilivyokwenda, Shu Wen aligundua kwamba mwanamume aliyeweza kutazama mamilioni yakipanda na kushuka bila kope kucheza alikuwa akiogopa bata mzinga. Elango naye aligundua kwamba mchumba wake hakubali kushindwa hata katika kuchagua papai, na kwamba muuza papai wa soko la Tekka alikuwa akimwona mbali anajificha. Ilikuwa kama kutambulishwa upya, na hakuna aliyelalamika.

Ukaguzi ulipokwisha, Bi Noraishah aliwaita wote wawili. Ubao ulikuwa umejaa maandishi yake, vidole vina wino, uso umechangamka kama wa mtu aliyerudi kutoka likizo.

"Nianze na mkaguzi," akasema. "Modeli za watu wengine unazipa majaribio sita, pengine saba. Hii umeipa ishirini na mawili. Zaidi ya kumi hayajawahi kutokea duniani wala hayatatokea. Umemtesa mtoto wa watu ili usionekane unampenda."

Elango akaanza kutabasamu.

"Na wewe funga hayo meno. Njooni hapa."

Alionyesha mchoro wa miaka mingi, na katika kila mwaka pengo dogo, mahali pale pale, karibu na sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina.

"Nyinyi wawili mmegombana juu ya dhoruba. Dhoruba hii, dhoruba ile. Hakuna hata mmoja aliyeiuliza programu: siku ya shwari wewe unafanya nini? Nikaiuliza. Kila mwaka ikikaribia sikukuu, inauza karibu nusu ya dola ilizoshika. Inavua koti. Kwa nini?"

Akagonga moja ya yale mapengo kwa kidole chenye wino.

"Kwa sababu soko letu likifungwa hakuna bei mpya, na mtu fulani amejaza mapengo kwa kunakili bei ya mwisho. Jana kama juzi, leo kama jana. Programu ikatazama ikasema, ah, huu ndio msimu wa amani kuliko yote. Duka limefungwa, yenyewe inadhani mtaa umetulia! London hawasherehekei. New York hawasherehekei. Dola inakwenda inakotaka, na siku tunayofungua mlango yote yanatuangukia kwa mpigo, nasi hatuna koti."

Elango alijipiga kiganja pajini. "Niliyajaza mwenyewe. Yalikuwa yananikera macho, yale mapengo."

Shu Wen alihisi masikio yakimwaka. Kulikuwa na makosa magumu katika kazi ile, ya kumtoa jasho mtu mzima, lakini hili halikuwa mojawapo. Hili lilikuwa la kufundishia wanagenzi.

"Ingekuwa kazi ya mtu nisiyemjua," akasema polepole, "ningeliona asubuhi moja tu."

"Najua," Bi Noraishah akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku zote. "Ndiyo maana sheria ipo, mwanangu. Haikuwekwa kwa sababu tunawadhania wezi. Haya, kaeni, biskuti hizo."

Kisha akaendelea kwa furaha ya wazi. Katika yale majaribio ishirini na mawili, mawili yalikuwa yamegusa kasoro ya kweli, na lile la siafu lilikuwa mojawapo: programu ilihitaji breki. Ile kanuni ya zamani haitatupwa. Itakaa kando ya programu kama shangazi aliyekuja kusimamia mchumba, na programu ikienda mbali naye kupita kiasi, itasimamishwa mpaka binadamu aamue. Siku za sikukuu zitafunzwa upya kwa bei za masoko ya ng'ambo yaliyo wazi. Na itaanzishwa kwa mikataba michache tu.

Elango alirekebisha yote. Safari hii alionyesha njia, mstari kwa mstari, kiasi kwamba Bi Noraishah alimwomba apunguze. Modeli ikapita.

Haikuchukua muda kupata mtihani wake. Alhamisi moja taarifa kutoka Marekani ziliwakuta watu wakinywa chai, na dola ikaruka kama chura aliyekanyagwa. Shu Wen alikuwa katikati ya modeli za mikopo ya nyumba. Alisikia simu zikilia. Alisikia kwamba watu wa ghorofa ya ishirini hawakushuka kula. Alijikuta ameshika simu, akairudisha mezani, akaishika tena. Miaka yote alikuwa akisubiri matokeo kama mkaguzi, na hilo si lolote. Hakuwahi kusubiri kama mchumba.

Alasiri Bi Noraishah alipita, akamwekea biskuti mezani.

"Nimetoka ghorofa ya ishirini," akasema.

Shu Wen akainua uso.

"Kiyoyozi chao ni kikali mno," Bi Noraishah akasema, akaenda zake na viatu vyake vya kukimbilia.

Elango alichelewa Beach Road. Alikuja tai iko begani, nywele zimesimama, akajitupa kwenye kiti.

"Siruhusiwi kusema kitu," akasema.

"Sijauliza kitu."

"Vizuri."

Akaenda kuagiza, akarudi na sinia la mifupa, na mikate, na wali wa kukaanga juu yake. Alikula bila kupumua. Alipomaliza upande wake akavuka mpaka akaingia upande wa Shu Wen. Shu Wen alimtazama kwa furaha iliyokuwa ikimpanda taratibu. Mtu aliyeunguza fedha za benki hawezi kula namna hiyo.

"Ila kuna mtu kule juu, simtaji," Elango akasema, mdomo umejaa, "shangazi alipiga kelele mara moja, mtu huyo akaikamata breki, na..."

"Elango!" Shu Wen akaziba masikio kwa viganja vyekundu vya mchuzi. "Nitapewa barua ya pili!"

"Sijasema neno."

"Na usiseme." Akashusha mikono, masikio yamepakwa mchuzi yote mawili, na Elango akacheka mpaka meza ya jirani ikageuka. "Sikiliza jambo jingine. Baba anataka kukuona Jumamosi."

Kicheko kikakatika. "Ataniuliza nini? Nijiandae vipi?"

"Hakuulizi kitu. Baba ameuza samaki Tekka maisha yake yote. Atakutazama macho tu, basi, ajue kama bado hujaharibika."

Elango aliweka mfupa chini, akayakodoa macho yake makubwa, akamsogezea uso juu ya sinia. "Yakoje? Yanang'aa?"

"Subiri Jumamosi," Shu Wen akasema, akauvuta upande wake wa sinia kabla haujamalizwa.